Je, Wajua? Taka Ni Mali Iliyokosa Dalali

Je, wajua kwamba ghala moja maarufu la jiji la New York lilizaliwa kwa sababu ya friji ya wanyama? Mwaka 1978 bustani ya wanyama ya Central Park ilikuwa na shida ya friji ya kuhifadhia dawa. Msanii Angela Fremont, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya utamaduni ya jiji, akapeleka ombi redioni. Wakajitokeza watu wenye friji zaidi ya ile iliyohitajika. Hapo aling'amua jambo ambalo dalali yeyote wa Kariakoo angemweleza kabla hajamaliza kikombe cha kahawa: mwenye kitu yupo, mwenye shida yupo, na wote wawili wanaishi mji mmoja bila kujuana. Shirika lililotokana na ombi lile, Materials for the Arts, leo lina ghala lake Long Island City, katika eneo la Queens. Kampuni na watu binafsi hupeleka huko vitambaa, rangi, karatasi, vifungo na samani wasizozitaka. Walimu wa shule za serikali na vikundi vya sanaa huingia, wakachagua na kuondoka navyo bila kulipa senti.

Vioja vingi vya matumizi ya pili ya vitu, ukivichunguza, utamkuta dalali huyo amejificha ndani yake. Kuyeyusha, kusaga, kushona upya na kuunga ni kazi ambazo binadamu amezijua tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kunyoosha kidole na kusema: yule pale anakitafuta hiki.

Je, wajua kwamba kiwanda kinaweza kuishi kwa uchafu wa jirani? Kalundborg ni mji mdogo wa bandari nchini Denmark, upande wa magharibi wa kisiwa cha Sjælland. Kituo cha umeme cha Asnæs, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe, kilifunga mitambo ya kunasa salfa kwenye moshi wake, na mabaki ya kazi hiyo yakawa jipsamu, ile ile tunayoijua kwenye dari za nyumba za siku hizi. Jirani yake alikuwa kiwanda cha mbao za jipsamu. Basi kuanzia 1993 kikaacha kutegemea jipsamu ya kuchimbwa pekee na kuanza kupokea ya mlango wa pili. Mvuke wa kituo hicho ulipelekwa kwa mabomba hadi kiwanda cha kusafisha mafuta na kile cha kutengeneza insulini. Hamira iliyobaki kwenye insulini ikaenda kwa wafugaji, wakalishia nguruwe. Mambo yote hayo yalianza 1961 kwa sababu ya maji: ya ardhini yalikuwa haba, kiwanda cha mafuta kikavuta bomba kutoka ziwa Tissø. Hakuna wizara iliyotoa agizo. Mameneja wa mji mdogo walifahamiana, wakaandikiana mikataba miwili miwili, kila mmoja akitazama faida yake, na ilipofika 1989 ndipo walipozinduka kwamba walikuwa wamejenga mtandao ambao wasomi wa dunia nzima wangekuja kuushangaa.

Huko Curitiba, kusini mwa Brazil, dalali alikuwa halmashauri yenyewe, na fedha yake ilikuwa mboga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vichochoro vya mitaa ya mabanda vilikuwa vyembamba mno, vingine vimepanda miinuko, lori la taka haliwezi kupita. Meya Jaime Lerner alikuwa msanifu majengo, na ungetegemea mtu wa fani hiyo abomoe nyumba apanue njia. Hakufanya hivyo. Mwaka 1989 jiji lilianza kununua taka kutoka kwa wakazi wenyewe: shusha mfuko wako hadi lori lilipo, upate tiketi ya basi au chakula. Mwaka 1991 ukaja mpango wa Câmbio Verde, ambao bei yake hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuikokotoa. Kilo 4 za karatasi, plastiki, vioo au chuma hukupa kilo 1 ya matunda na mboga. Lita 2 za mafuta yaliyokwisha kukaangia nazo hukupa kilo 1. Mboga hizo zilitoka kwa wakulima wa vijiji vya karibu waliokuwa na mavuno yaliyokosa soko. Mkulima akapata mnunuzi, mwenye njaa akapata kabichi, kichochoro kikasafishika.

Surabaya, Indonesia, walikuja na namna yao. Mwaka 2018 mabasi ya Suroboyo yalianza kupokea nauli ya plastiki: chupa kubwa 3, au za wastani 5, au vikombe 10, na ulipanda kwa saa mbili. Konda wa daladala ya Mbagala akipewa nauli hiyo saa kumi na moja jioni, matusi yake yatakuwa mapya kabisa.

Kisa cha Cairo ndicho kinachonishughulisha zaidi ya vyote, kwa sababu kinaonyesha kinachotokea dalali akiondolewa. Tangu miaka ya 1940 familia zilizotoka kusini mwa Misri, nyingi zikiwa za Wakristo wa Kikopti, zimekuwa zikizunguka mlango kwa mlango kuchukua taka za jiji hilo. Wanaitwa Zabbaleen, na makazi yao makubwa yapo chini ya mlima Mokattam. Nyumba yao ni kiwanda: huku wanachambua plastiki kwa rangi, kule makopo, pale karatasi na matambara. Mabaki ya vyakula waliwapa nguruwe waliowafuga hapo hapo. Kwa utaratibu huo waliweza kurudisha kwenye matumizi hadi asilimia 80 ya walichokusanya, kiwango ambacho miji mingi ya Ulaya haijakigusa.

Mwaka 2003 serikali ikatoa mikataba kwa kampuni kutoka Hispania na Italia. Kampuni zikaweka mapipa mitaani na malori ya kisasa. Mkataba ulizitaka zichakate tena asilimia 20 tu, na wakazi waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni hawakupenda safari ya kwenda kwenye pipa. Kisha ukaja 2009 na hofu ya homa ya nguruwe. Serikali ikaamuru nguruwe wote wachinjwe, wapatao 300,000, ingawa wakati huo Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa homa hiyo. Haikuchukua muda mabaki ya vyakula yakaanza kuoza barabarani. Zabbaleen walikuwa bado wanahitaji plastiki na makopo, lakini maganda ya viazi na wali uliochacha hawakuwa na wa kumlisha tena, wakayaacha. Jiji la mamilioni ya watu likagundua kwamba sehemu kubwa ya mfumo wake wa usafi ilikuwa tumboni mwa nguruwe.

Je, wajua kwamba Paris iliamriwa kutenganisha taka katika mapipa matatu tangu karne ya 19? Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa wa Seine, alitia saini amri hiyo Novemba 1883: pipa la mabaki ya vyakula, la karatasi na matambara, na la vioo, vyungu na maganda ya chaza. Waliopinga kwa sauti kubwa walikuwa waokota matambara, kwa sababu pipa lenye mfuniko lilikuwa linawafungia duka lao. Na biashara yao haikuwa ndogo. Kabla viwanda havijajifunza kutumia mbao, karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa nguo kuukuu, kwa hiyo kitabu kilichosomwa na bwana mkubwa huenda kiliwahi kuwa shati la mtumishi wake.

Kwetu utaratibu mmoja mzuri unaanza kufa huku tunautazama: kreti ya soda. Mangi wa dukani hakuruhusu uondoke na soda ya chupa ya kioo mpaka uache chupa tupu au hela ya chupa, na hiyo hela ndogo ndiyo iliyofanya chupa zisionekane mitaroni. Mtoto aliyeiokota aliikimbiza dukani. Chupa ya plastiki ilipokuja haikudai kitu, nayo haikurudi. Wajerumani walirudisha hela ya chupa kwa sheria Januari 2003, leo ikiwa senti 25 za yuro kwa kopo au chupa ya kutumika mara moja, na zaidi ya asilimia 95 zinarudi madukani. Huko wazee wa pensheni ndogo hupita wakikusanya chupa zilizotupwa, na raia wenye adabu wamejizoeza kuziweka kando ya pipa badala ya ndani, ili mtu asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu.

Tarehe 18 Oktoba 2009, jijini Amsterdam, mwandishi wa habari Martine Postma alifungua baraza la kwanza la matengenezo, yaani Repair Café. Watu wanaleta birika iliyokufa, suruali iliyochanika au redio, wanakaa na fundi wa kujitolea, wanatengeneza pamoja huku wakinywa kahawa. Leo mabaraza hayo yapo zaidi ya 2,000 katika nchi nyingi. Nchini Ufaransa serikali imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 vifaa kama simu na kompyuta za mkononi vilianza kuuzwa vikiwa na alama ya 0 hadi 10 iliyoonyesha urahisi wa kuvitengeneza, na mwaka 2023 ukaanza mpango wa taifa wa kumpunguzia anayepeleka nguo au kiatu kwa fundi kati ya yuro 6 na 25. Msomaji wa Manzese au wa Kisumu atacheka, kwa kuwa fundi cherehani yuko barazani, fundi viatu chini ya mwarobaini, na fundi simu ana kimeza kila baada ya hatua kumi. Lakini wazungu nao walikuwa na mafundi hao. Waliwapoteza pole pole, bei ya kitu kipya ilipokuwa ndogo kuliko ujira wa fundi, na bei hizo sasa zimeshatua bandarini kwetu.

Kamukunji, Nairobi, kelele za nyundo husikika kabla hujaona mtu. Pipa la mafuta linakatwa linakuwa jiko, sanduku la mwanafunzi wa bweni, karai, toroli. Tairi la gari huko Kenya linageuka akala na Tanzania katambuga, na Mmasai anayetembea mwituni ataichagua kuliko kiatu cha dukani kwa sababu miiba haiipenyi. Kopo la maziwa lilikuwa koroboi. Kanga huanza maisha kwenye harusi, ikachujuka ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, na mwisho tambara la kupigia deki, na hakuna mwanamke wa pwani aliyehitaji semina ya hayo. Hata asili yenyewe ya kanga, kama wenyeji wanavyoisimulia, ni leso za mkononi zilizonunuliwa zikiwa hazijakatwa, zikashonwa pamoja sita sita.

Sufuria nazo zina hadithi yake. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata mpya kutoka kwenye madini. Ndiyo maana mfua sufuria anaweza kufanya kazi kwa mkaa nyuma ya nyumba, ilhali kiwanda cha alumini mpya hudai umeme wa kutosha mji.

Ila dalali naye hana dini. Anayenunua chuma bila kuuliza kilikotoka atauziwa mfuniko wa mtaro, kisha alama ya barabarani, kisha reli. Januari 2022 nguzo za njia kuu ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ziliporomoka na Kenya ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, akiihusisha na uharibifu wa miundombinu. Marufuku iliondolewa mwezi Mei na masharti mapya ya leseni yakawekwa. Katikati ya miezi hiyo, mwokotaji aliyekuwa akiuza misumari kwa kilo alikaa bila riziki kwa kosa la mtu aliyekuwa na msumeno wa chuma na gari.

Mitumba ni ugomvi mwingine, na mimi nasimama katikati. Soko la Gikomba, Nairobi, linajua kupanga nguo kwa ustadi ambao ghala la Ulaya halina: za juu huitwa kamera, za chini kabisa fagia, na katikati yake kuna mafundi wanaobana kiuno, wanaofupisha mikono, wanaogeuza koti kuwa la mtoto. Isiyovalika hukatwa ikawa tambara la kufutia oili gereji. Hayo ni matumizi ya pili kweli kweli. Lakini ndani ya belo huwamo pia nguo ambazo aliyezitoa alijua hazivaliki, na hapo biashara inakuwa njia ya kuhamisha jaa kutoka bara moja hadi jingine. Rwanda ilijaribu kufunga mlango. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kusimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Kumbe hata shati lililokwisha kuvaliwa lina balozi wake.

Je, wajua kwamba kuna jahazi lililosafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar bila ubao hata mmoja wa mti kwenye mwili wake? Flipflopi liliundwa Lamu chini ya usimamizi wa fundi wa majahazi Ali Skanda. Urefu wake ni takriban mita 9, na limetumia plastiki iliyookotwa ufukweni na mijini, ikayeyushwa na kukandamizwa kuwa mbao na mataruma. Mafundi wakaichonga kwa zana zile zile wanazochongea mti. Juu ya mwili wakabandika vipande vya kandambili zipatazo 30,000, kwa hiyo jahazi likatoka na rangi zote za soko. Liliingia majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likapiga safari ya kilomita 500 hivi hadi Unguja. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria. Kandambili za kutosha kazi hiyo hazikutafutwa mbali, maana mikondo ya bahari huzileta kila msimu hadi fukwe za Kiunga, kaskazini mwa Lamu, na kuwazuilia kasa njia ya kwenda kutaga. Akina mama wa huko walianza kuziokota tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi inachonga twiga na vifaru wa rangi rangi kutokana na mabaki hayo.

Mifuko ya plastiki iliondoka kwa sheria: Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Nafuu yake inaonekana kwenye mitaro. Ila katika hotuba zote za marufuku hizo sikumsikia kiongozi hata mmoja akiulizwa watoto wa chandimu watafungia nini mpira.

Kijiji cha Kamikatsu, Japani, hakina lori la taka. Wakazi wake, wasiozidi 1,500, hupeleka wenyewe takataka zao kituoni na kuzigawa katika mafungu zaidi ya 40. Pembeni kuna duka liitwalo Kurukuru ambalo halina mashine ya fedha: unaacha sahani, kimono au kichezeo cha mtoto aliyekua, na yeyote anayetaka anachukua, sharti apime uzito na kuuandika. Kupima huko ndiko kunakowaonyesha wanakijiji ni kilo ngapi zimekwepa tanuri. Japani hiyo hiyo ilitengeneza medali zote za Olimpiki na Paralimpiki za Tokyo, kama 5,000, kutokana na vifaa vya umeme vilivyochakaa, zikiwemo simu milioni 6.21. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32 tu. Ilitosha, kwani medali ya dhahabu karibu yote ni fedha iliyopakwa dhahabu juu.

Chombo kisicho na matumizi ya pili kikikusanyika, huwa mlima, na si kwa lugha ya picha. Roma kuna kilima kiitwacho Monte Testaccio, kimo chake mita 35 hivi, ambacho chote ni vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, makadirio yakifika mitungi milioni 53. Mitungi mingine ya Warumi ilitumika tena au ikasagwa ikawa saruji. Hii ya mafuta ilishindikana: udongo ulinyonya mafuta, yakachacha, ukanuka. Basi wakaivunja, wakaipanga kwa matabaka na kuimwagia chokaa kupunguza harufu. Wanahistoria wanalishukuru jaa hilo, kwani mitungi mingi ina maandishi ya uzito, majina ya wafanyabiashara na vituo vya forodha.

Na kama unadhani kuna kitu ambacho hakiwezi kabisa kupata dalali, nenda Osaka ya zama za masamurai. Mashamba ya pembezoni mwa mji yalikuwa na njaa ya mbolea, na samaki waliokuwa wakitumika walikuwa ghali, hivyo kinyesi cha mjini kikawa bidhaa yenye mikataba, bei na ugomvi. Mwaka 1724 vijiji viligombana hasa juu ya nani ana haki ya kuchota mtaa gani. Sheria ya umiliki ilikuwa wazi. Choo kikubwa cha wapangaji kilikuwa mali ya mwenye nyumba, na mkojo ulikuwa mali ya mpangaji mwenyewe, auze au agawe. Mpangaji mmoja akihama, mwenye nyumba alihesabu hasara ya shimo lake, kisha akapandisha kodi ya waliobaki.